Uzito wa Mtoto Asiye na Jina

Haya, kaeni vizuri. Na wewe wa huko nyuma acha kutafuna, maana kisa hiki kimeninyima raha tangu nikisikie, na leo nakibwaga kwenu.

Palikuwa na wanawake watatu. Nyamizi na Tunu walikuwa waandishi wa programu za kompyuta. Mashavu alikuwa nesi katika kituo cha afya cha Kwembago.

Nyamizi, kipaji chake ni kutoamini. Alijua kwamba tupu si sifuri. Sifuri ni jibu: umepima, hukukuta kitu. Tupu maana yake hakuna aliyepima. Programu ya zamani ya kituo haikuijua tofauti hiyo. Ikikuta uzito haukuandikwa, inachukua kimyakimya namba ya mtoto aliyetangulia na kupigia hesabu ya dawa. Basi yeye na Tunu walipopewa kazi ya kuandikia kituo programu mpya, kila kinachoweza kukosekana Nyamizi alikitia kwenye kisanduku chenye kifuniko, kwa lugha ya kompyuta yenye sharti moja: hutumii kilichomo mpaka kwanza useme utafanya nini ukifunua ukute hamna kitu. Usiposema, programu haiwaki.

Tunu, kipaji chake ni ubishi. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kusema hicho kitakachofanyika.

"Weka kilo tatu," mkubwa wao alimwambia. "Watoto wachanga wengi ni kilo tatu. Tumalize, watu wanasubiri."

"Na yule ambaye si wengi, bosi?"

"Tunu, unanipandisha presha bure."

"Afadhali ipande yako."

Akaandika: uzito usipokuwepo, usitoe kipimo cha dawa. Simama, mwite daktari kwa simu, mwambie kinachokosekana.

Mashavu naye, kipaji chake ni kidogo tu: haandiki asichokijua. Mizani ya watoto pale Kwembago ilikuwa ya kusuasua, na manesi walikuwa na mazoea yao. Ikizima, unamtupia mtoto jicho, unaandika tatu. Tatu ya heshima, ndivyo walivyoiita. Mashavu alikuwa anaacha wazi, wenzake wakimcheka kwamba anajifanya mwalimu.

Sasa sikilizeni. Jumatatu moja, saa nne asubuhi, mama mmoja, Sikudhani, akaingia mbio na binti yake wa siku mbili kwenye khanga. Mtoto ana degedege. Mikono inatetemeka, midomo imeanza kubadilika rangi. Dawa ipo, lakini dawa ile huenda kwa uzito: ikipungua haisaidii, ikizidi inamkata mtoto pumzi. Na mizani imezima.

Kidole cha Mashavu kilikuwa juu ya tatu, mwenyewe amekiri. Akakiondoa, akaacha wazi. Kioo cha kompyuta kikawa chekundu: UZITO HAUPO. SITOI KIPIMO. DAKTARI ANAITWA.

"Nesi! Mwanangu anakufa, wewe unatazama kompyuta?"

"Nivumilie, dada yangu."

"Nivumilie nini? Mchome sindano! We mwanamke una roho gani?"

Daktari alikuwa jengo la pili. Akapata simu, akajua kinachokosekana, akapitia duka la mbele ya lango na kubeba mizani ya kupimia sukari. Wakamlaza mtoto kwenye sahani ya mizani. Kilo moja na gramu mia nane. Dakika sita zilikuwa zimepita. Jamani, dakika sita! Sikudhani alikuwa amemtukana Mashavu matusi nisiyoweza kuyasema mbele yenu, kisha akapiga magoti na kuapa kwamba binti yake akipona, atapewa jina la aliyemwokoa.

Sindano ikaingia, mtoto akatulia. Daktari akasema kwa kipimo cha kilo tatu asingeamka.

Wiki iliyofuata Nyamizi na Tunu wakaja kukagua programu yao. Sikudhani, ambaye alishasimuliwa yote, akawasimamisha watatu mbele ya kitanda. Daktari, kabla hamjaniuliza, alijitoa mwenyewe. Alisema yeye alibeba mizani tu.

"Nataka somo wa mwanangu, wa kumpa jina lake," mama akasema.

"Ni Nyamizi," Tunu akajibu. "Bila kifuniko chake, mimi nisingeulizwa chochote."

"Bila ubishi wa huyu, kifuniko kingefunuliwa kikatoa tatu," Nyamizi akasema. "Ni Tunu."

Kisha wote wawili wakasema kwamba kama nesi angeandika ile tatu ya heshima, kazi yao yote ingekuwa bure.

Sikudhani akamgeukia Mashavu. Alikuwa na deni la matusi yale, na aibu ilikuwa imemjaa usoni. Lakini Mashavu alikuwa analia.

"Usimpe jina langu. Nilikuwa naacha wazi hata kwenye programu ya zamani, miaka minne, nikidhani natenda haki. Kumbe inaweka uzito wa mtoto mwingine. Sijui ni wangapi, dada. Sijui."

Mashavu akafuta macho, akafungua faili la mtoto ili ampe ruhusa ya kwenda nyumbani. Kioo kikawa chekundu: JINA HALIPO.

Mtoto amelala, mama ameapa, na kisanduku kiko wazi. Haya, wewe ungeandika jina gani? Fikiri kwanza, maana tatu ya heshima siipokei.