Ngiri na Shina la Vikabichi

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Mbona huyo wa nyuma hajaitikia? Mnanificha nini? Haya, tena. Paukwa!"

"Pakawa!"

Pakawa na vikabichi, vidogo kama ndimu, vimeng'ang'ania shina moja toka chini mpaka juu. Mama Panya alivipanda huko milimani kwenye baridi, akavilinda miezi minne, maana watoto wake sita hawakuwa na kingine cha kula.

Siku ya kuvuna, ardhi ikatikisika. Gudu! gudu! gudu! Ngiri huyo, keshamaliza mashamba yote ya majirani.

"We Panya! Vyote vyangu!"

Mama Panya aliogopa. Lakini akacheka. "Karibu, bwana mkubwa. Kula vyote, usibakize hata kimoja."

Ngiri akasita. Akanusa, fu! fu! fu! "Mbona unafurahi? Mimi sikaribishwi popote. Umetia sumu! Si desturi mwenye chakula aonje kwanza, kumtoa mgeni wasiwasi? Onja!"

Mama Panya akachuma kimoja. Kachu! Ngiri akamtazama macho, akamtazama tumbo. Hakufa.

"Kumbe salama," akasema Ngiri, akatanua mdomo ale cha pili.

"Nilichoonja ni kile, bwana. Hicho sikijui."

Ngiri akafunga mdomo. "Onja na hicho!"

Kachu! Hakufa.

"Na hiki?"

"Sikijui, bwana."

"Onja!"

Kachu! Hakufa. Wakaenda hivyo hivyo mpaka Mama Panya akashiba.

"Bwana, pengine tumbo langu limezoea, ndiyo maana sifi. Labda waonje watoto."

"Ehee! Ulitaka kunimaliza! Waje!"

Wakaja wote sita, mbio. Kachu! kachu! kachu! Hakufa hata mmoja. Likabaki shina tupu.

Ngiri mate yanamdondoka. "Kwa hiyo vyote vilikuwa salama?"

"Vyote, bwana. Tena vitamu!"

"Na hili shina?"

"Hilo, bwana, hata sisi hatujalionja."

Ngiri akalinusa, fu! fu! fu! Akalikimbia na njaa yake.

Ngano yangu nayo imeingia shimoni na Mama Panya, msiifukue. Mafunzo yake ni haya: tusimshuku anayetukaribisha. Shaka ni tabia mbaya sana, wanangu. Mmesikia?

Haya, leteni huo uji mlioniwekea. Mbona mnacheka? Nani ameuonja?