Jaruba la Namkunda

"Mche hunyauka ndipo ushike." Mmemsikia mama yenu akimwambia Elinami maneno hayo leo, alipolia kwamba hataki tena shule ya bweni, na sasa mnaniuliza yametoka wapi. Basi sogeeni. Nawe Elinami, futa makamasi kwanza. Methali hii ilianzia hapa hapa Ndungu, na ilianza hivi.

Mbonea alioa binti wa milimani aitwaye Nakijwa. Kule juu walilima mahindi na maharage, na maji yakituama shambani huwa ni msiba. Huku bondeni tunalima mpunga, ambao hukulia majini. Nakijwa alikuwa mchapakazi, lakini joto na mbu wa huku vilimshinda. Akakonda, akawa mkimya, chakula anadonoa tu. Mwishowe akawatumia kaka zake salamu waje kumchukua.

Msimu huo alisaidia kuhamisha miche kutoka kitaluni hadi kwenye jaruba la mama mkwe wake, Namkunda, lililojaa maji ndani ya matuta yake. Baada ya siku chache miche yote ikawa njano. Nakijwa alimpenda sana yule mama, akaona mpunga wake unakufa kwa kuzama. Alfajiri akachukua jembe, akabomoa tuta, maji yote yakaenda zake.

Baba mkwe, Mzee Kiangi, alipofika alikuta tope tupu, na zamu yao ya kupata maji ya mfereji ilikuwa imepita jana yake. Alifoka mpaka majirani wakatoka nje.

"Afunge mizigo yake arudi kwao! Huyu atatuua kwa njaa!"

"Nilidhani inakufa, mama," Nakijwa alisema huku akilia. "Yote ilikuwa njano."

Namkunda akamshika mkono, wakaingia topeni.

"Vuta huo mmoja."

Nakijwa akavuta. Mche ukagoma kutoka.

"Umeona? Juu unanyauka, chini unatafuta pa kushika. Umetolewa ulikozoea, mwanangu, utastawije siku hiyo hiyo?" Kisha akamgeukia mumewe. "Na huyu naye hatumng'oi, baba Mbonea. Mche hunyauka ndipo ushike."

Kiangi aliondoka akinung'unika, akaenda kumwomba jirani zamu ya maji. Mzee yule alikuwa na kiburi, hakuwahi kumwomba mtu hata kiberiti, lakini siku hiyo aliomba. Nakijwa akaziba tuta kwa mikono yake.

Kaka zake walipofika, jaruba lilikuwa kijani kitupu. Walimkuta dada yao katikati, matope hadi magotini, anapalilia.

"Toka huko, Nakijwa, tumekuja kukuchukua!"

Alisimama akawatazama kwa furaha, maana aliwakumbuka mno.

"Karibuni nyumbani mle kwanza, kaka zangu. Lakini mniwie radhi, siondoki. Mpunga wetu bado haujamalizwa palizi."

Kaka mkubwa akataka kubisha. Mzee Kiangi, aliyekuwa amesimama kwenye tuta, akamwekea mkono begani.

"Mwache binti yangu," akasema. "Mche hunyauka ndipo ushike."