Jicho, Sikio na Kidole kwenye Simu ya Bi Mize

Sogeeni, wenye usingizi na wasio nao, leo kuna jambo la kugombaniwa.

Walikuwapo watu watatu, na kila mmoja alipewa chake juu ya mwanamke mmoja. Kazija alipewa kumfungulia. Hidaya alipewa kumsikia. Vuai alipewa kumwona. Na aliyewapa si jini wala mchawi, ni Bi Mize Pandu mwenyewe, akili zake timamu, kwa sababu kila kimoja kilimpunguzia kazi.

Tuanze na kidole. Bi Mize kasokota kamba za makumbi ya nazi tangu hajavunja ungo, na kazi hiyo imemla ngozi ya vidole mpaka vimekuwa laini kama kokoto za mtoni. Mwanawe alipomletea simu ya kupapasa, simu ilikataa kidole gumba, ikakataa cha shahada, ikavikataa vyote kumi. "Simu hii inasema mie si mtu," akasema Bi Mize. Akapewa namba za siri, akazisahau, akabahatisha, simu ikajifunga. Fundi wa simu alipoifungua, Kazija, jirani yake wa mlango kwa mlango, akaingiza kidole chake. Tangu hapo Kazija ndiye anayefungua, anayesoma, anayeandika. Ujumbe wa sauti ukija, Kazija ndiye anayeufungulia, na kusikiliza mara moja hakujawahi kumtosha.

Sikio lilikuwa la Hidaya, binti yake, aliyeolewa Wete. Hidaya akipiga, mama mikono imejaa tope la makumbi, simu inaita mpaka inachoka. Sikukuu moja akaja akaiweka simu ijipokee yenyewe kila anapopiga yeye. Ilikuwa raha! Bi Mize anaponda makumbi na huku anazungumza na mwanawe, simu imo ndani ya kapu lake. Ila siku moja alikuwa akimsimulia Kazija jinsi Hidaya alivyo mvivu wa kufua, mara kapu likasema, "Mama, nakusikia."

Na jicho alikuwa nalo Vuai, mwanawe wa kiume, fundi wa mafriji mjini. Kwenye simu yake mna ramani, na kwenye ramani mna kidoti cha buluu, na kidoti ndiye mamake. Hana haja ya kuuliza umefika au hujafika.

"Mama, jana ulikuwa na nini kwa Bwana Kombo?"

"Nilikwenda kuazima shoka."

"Shoka gani hilo, Mama, la kuazimwa tangu adhuhuri mpaka alasiri?"

Huyo Bwana Kombo ni mtu wa minazi, kafiwa na mkewe, na alikuwa akimtaka Bi Mize kwa ndoa. Alimwambia kwa ujumbe wa sauti, kwa adabu, polepole, kama mtu anayepanda ngazi gizani. Kazija akausikia kwanza. Kufika jioni wanawake wote wa pondeni, pale wanapopondea makumbi, walishamchagulia bibi harusi rangi ya leso. Hidaya akapiga kusema ndiyo, Vuai akapiga kusema hapana. Bi Mize peke yake ndiye aliyekuwa hajaamua. Kila alipotaka kukaa aujue moyo wake, alikuta watu washakaa humo kabla yake. Ikabaki hivyo, Bwana Kombo hana jibu.

Basi siku moja ukaja ujumbe mwingine: "Bi Mize, najua makumbi uliyofukia topeni yameshalainika, kule mkondo wa kushoto, nyuma ya ule mkoko wa mkandaa ulioanguka. Tope la pale halishiki mguu. Ningoje twende wote." Kazija akaurudia mara tatu, akacheka zaidi hapo pa "twende wote".

Kicheko hicho ndicho kilichompeleka Bi Mize mikokoni peke yake. Hakutaka kuonekana anakwenda na mtu. Akalitundika kapu lenye simu juu ya mkoko wa mwanzo lisiingie maji, akaenda zake shimoni kufukua makumbi. Mguu ukazama mpaka pajani. Akivuta, unazidi kwenda. Na maji yakaanza kujaa.

Hidaya akapiga simu. Simu ikajipokea ndani ya kapu. Alizoea kusikia mshindo wa makumbi yakipondwa, siku hiyo akasikia ukelele wa mbali, wa mtu anayeita mpaka sauti inampasuka. Maneno hakuyapata, lakini sauti aliijua. "Mama! Uko wapi?" Akakata, akampigia kakake.

Vuai akaangalia kidoti. Akakikuta mikokoni, na majira ya maji anayajua, kazaliwa huko. Asingekuwa na kidoti, watu wangemtafuta pondeni, wangemtafuta shambani, na kabla ya huko kote wangemtafuta kwa Bwana Kombo. Lakini yeye yuko mjini, mkono wake haufiki. Akampigia Kazija.

Kazija akatoka mbio, wanawake wa pondeni nyuma yake na kamba mabegani. Wakalikuta kapu, mwenyewe hayupo. Mbele yao mikondo mitatu, yote imeshaingia maji, na ule ukelele haupo tena. Wenzake wakaanza kubishana waende wapi.

"Kushoto!" akasema Kazija. "Nyuma ya mkandaa ulioanguka!"

"Umejuaje?"

"Nimejua. Piteni!"

Wakamkuta kakumbatia mzizi, maji yamemfika kidevuni, sauti imekauka kabisa. Wakampitisha kamba kwapani, wakamvuta, tope likamwachia. Alipoweza kusema, neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Kazija, umbea wako wote nimekusamehe."

Ijumaa yake akapika wali wa nazi na kuku, watu wakaomba dua, wakala, wakaondoka. Wakabaki wanne mkekani, yeye na Kazija na wanawe wawili waliokuja kumjulia hali. Bi Mize akawaangalia wale watatu mmoja mmoja. Hakuwa mtu wa machozi, lakini siku hiyo alipangusa pua kwa leso mara mbili.

"Kila pumzi ninayovuta sasa ni yenu," akasema. "Mungu awape na nyinyi watu kama nyinyi. Shukrani nimeshatoa, sasa nisikilizeni. Bwana Kombo anangoja neno langu. Iwe ndiyo, iwe hapana, nataka nimwambie mwenyewe, lisipite kwa kila mtu. Na macho, masikio na vidole vyenu vyote pamoja siviwezi. Wala sitaki kufia topeni. Basi namwacha mmoja kwenye simu yangu, wawili nawatoa. Huyo atakayebaki ndiye niliyemwamini."

Wakatazamana. Hakuna aliyedhani kutolewa ni mapumziko.

"Nisingesikia mimi," akasema Hidaya, "nani angejua kuna jambo?"

"Ungesikia, ungelia huko huko Wete," akasema Vuai. "Nani alisema ni mikokoni?"

"Kidoti chako kilikuwa kwenye kapu!" akadakia Kazija. "Mngezika kapu nyinyi!"

"Mimi angalau sitangazi ninayoyasikia," akasema Hidaya.

"Mimi maneno ya mama hata siyasikii," akasema Vuai. "Naona kidoti tu."

"Kidoti hicho ndicho kilichonihoji habari za shoka," akasema Bi Mize.

"Na bila mimi simu hii ni kigae," akasema Kazija. "Utaifungua kwa kisigino?"

"Na wewe bila simu yangu, shoga, utasema nini pondeni?"

Wakacheka wote, kisha kicheko kikaisha. Simu iko katikati ya mkeka. Bi Mize kaunyoosha mkono juu yake, na watatu wote wanautazama.

Sasa nyinyi mliosogea. Aliyesikia, aliyeona na aliyejua njia, ukimtoa mmoja Bi Mize ni maiti. Yupi abaki? Na asiniambie mtu abaki nao wote, maana Bwana Kombo ana haki ya kujibiwa na mtu mmoja. Wala asiniambie awatoe wote, maana maji yale hujaa kila siku. Haya, semeni, na anayesema aseme na sababu.