Kioo Hakiweki Sura

Kioo hakiweki sura. Mmemsikia fundi wa kompyuta akimwambia mwenzake maneno hayo, mkacheka, mkadhani ni habari za watu wanaojipamba. Siyo. Mkitaka kujua yalikotoka, kaeni niwaeleze, na msinikatize.

Tabora kulikuwa na binti aitwaye Nyamizi, aliyeandika programu za kompyuta katika redio ndogo ya mji. Alikuwa hodari, na mwenyewe alijijua. Redio ile ilikuwa na hazina moja tu ya maana: nyimbo za manju Kasubi, mwimbaji ambaye Unyamwezi wote ulimjua. Kasubi alikuwa amefariki, na mjane wake, Bibi Kalunde, aliomba jambo moja: siku ya kumaliza matanga, sauti ya mumewe isikike nyumbani kwake. Kanda za zamani zilikwisha kuoza. Sauti ilibaki ndani ya kompyuta ya redio, na mlinzi wake alikuwa Nyamizi.

Sasa, vijana wa kazi hiyo walikuwa na kijiwe chao nyuma ya duka la fotokopi. Desturi yao ilikuwa hii: mwenye tatizo analitoa, wenzake wanamshauri, na anayeshauri lazima akae aandike mwenyewe hapo hapo, wote wakitazama. Ushauri wa mdomo mtupu waliuzomea.

Siku hiyo Nyamizi hakuja na tatizo, alikuja na fahari. Alionyesha skripti yake, yaani maagizo mafupi ambayo kompyuta huyafuata yenyewe bila kukumbushwa. Kila jioni skripti ile ilitazama diski kubwa ya redio, ikaifanya diski ya pili ifanane nayo. Kilichoongezeka ikakinakili, kilichoondoka ikakiondoa.

"Manju yupo mahali pawili," alisema. "Diski moja ikifa, nyingine inaimba."

Halfani akaguna. Huyu alikuwa Mzaramo, na mnajua Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara.

"Nyie Wanyamwezi! Mzigo mnajua kuubeba, kuutua hamjui. Umejitazama kwenye kioo, umehesabu watu wawili. Ukiondoka hapo mbele, huyo wa pili atabaki akupikie ugali?"

Kijiwe kikaangua kicheko. Nyamizi naye akacheka mpaka akafuta machozi. "Mzaramo kasikia ngoma mahali, akili imeshatoka. Kaa chini, mtani."

Kosa lilikuwa hapo. Mtani ana ruhusa ya kukutukana hata msibani, na kwa sababu hiyo neno lake watu hulipokea kwa meno, si kwa masikio. Halfani hakuwa akitania. Lakini desturi ilimtaka akae aandike, naye hakuandika. Alipoona wamecheka, akaridhika na kicheko.

Matanga yalipokaribia, Nyamizi aliandika skripti nyingine, ya kufagia matangazo ya biashara yaliyopitwa na wakati. Aliiamuru iingie kwenye folda ya matangazo, kisha ifute kila kilichomo. Kumbe mtangazaji mmoja alikuwa ameibadilisha folda ile jina. Skripti ikatafuta mlango, ikaukosa, haikusema neno, ikafagia pale pale iliposimama. Na iliposimama, mahali ilipoanzia safari yake, ni kwenye folda ya nyimbo za manju.

Asubuhi Nyamizi alikuta patupu. Hakushtuka. "Ndiyo maana tunaweka nakala," alijisemea, akachomeka diski ya pili.

Tupu.

Jioni iliyopita ile skripti ya kwanza ilikuwa imefanya kazi yake kwa uaminifu. Iliona nyimbo hazipo huku, ikahakikisha hazipo na kule.

Akampigia Halfani. "Mtani, njoo redioni. Leo sitaki utani."

"Nani kafa?"

"Manju. Mara ya pili."

Halfani alifika anahema. "Tangu uone hivi, umeiandikia kitu hiyo diski?"

"Sijaigusa."

"Usiiguse. Kufuta si kuchoma. Kompyuta imeng'oa kibao cha mlangoni tu. Mwenye chumba bado yumo, mpaka apangishwe mwingine."

"Si ungeniambia siku ile!"

"Nilikwambia."

"Ulinitania, Halfani."

"Ulitaka Mzaramo akwambieje, kwa hotuba?" Kisha akashusha sauti. "Nilipaswa kukaa nikaandika. Hili kosa tugawane."

Wakatumia programu ya kufufua faili zilizofutwa. Nyimbo zikaanza kutoka, lakini bila majina, nyingine vipande vipande, na mle redioni hakuna aliyejua kipi ni kipi. Ikabidi Nyamizi aende mwenyewe kumleta Bibi Kalunde.

Bibi akakaa mbele ya spika, mikono mapajani.

"Huu wa kulima... Huu alimwimba mwizi wa ng'ombe... Huu zima, alikuwa kalewa." Halafu akangoja. "Na wa kufungulia ngoma?"

Nyamizi akapiga magoti. "Haukurudi, bibi. Nimeupoteza mimi."

Bibi akamwinua. "Alinichumbia kwa wimbo ule, mwanangu. Tena nilimtungia mimi, sifa akachukua yeye." Akaitengeneza khanga yake begani. "Washa hicho kidude chako cha kurekodia."

Akaimba. Siku ya matanga uliotangulia ulikuwa wimbo wake, kisha ndipo zikafuata za mumewe. Lakini msilewe na utamu huo. Sauti ya Kasubi katika wimbo ule hakuna aliyeisikia tena mpaka leo.

Kijiwe kilipokutana, Nyamizi alikaa akaandika upya, wote wakitazama. Safari hii nakala ya kila jioni ilipewa mahali pake, na ya leo ikakatazwa kugusa ya jana. Diski moja ikachomolewa kabisa, ikapelekwa kutunzwa nyumbani kwa Bibi Kalunde.

Mmoja aliyekuwa mgeni pale akauliza, "Dada, mbona unajisumbua hivyo? Si uzifananishe tu diski mbili, basi?"

Nyamizi hakuinua macho.

"Kioo hakiweki sura," alisema, na vidole vikaendelea kuandika. Hakuna aliyecheka, hata Halfani.