Aliyesoma Shtaka Akaacha Hukumu

Ndugu zangu, leo nawaletea mama mmoja, mpishi wa shughuli. Si mama mnayemjua, kwa hiyo msigeuke kumtafuta kwenye viti vya nyuma. Mama huyu alipika pilau za harusi mtaani kwake tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Na mtaa ule una desturi yake. Harusi ikikaribia, wanawake wa upande wa bibi harusi hununua upawa mpya, huufunga kwa kanga, na kuupeleka kwa vigelegele hadi kwa mpishi waliyemchagua. Upawa ukishaingia mlangoni mwako, harusi ni yako, na mtaa mzima umeona.

Siku moja alivisikia vigelegele tangu kona ya mashine ya kusaga. Akafagia uwanja ambao alikuwa ameshaufagia. Akavaa kitenge chake kizuri, akasimama mlangoni, tabasamu tayari usoni. Wanawake wakafika, wakamwamkia kwa adabu zote, "Shikamoo mama," "Za hapa mama," kisha wakapita. Upawa ukaenda kuingia nyumba ya mbele, kwa mwanamke mmoja mgeni, mcheshi, ambaye pilau yake, walisema, kila punje husimama peke yake.

Je, umewahi kupitwa na vigelegele? Kama hujawahi, usimcheke.

Tangu siku hiyo wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mwenzake akicheka, yeye alijua anachekwa. Harufu ya iliki ikivuka ukuta, chakula chake mwenyewe kilimshinda. Hata shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyekuwa karani wa masjala pale mahakamani, alipokuja kula alithubutu kusema, "Yule mgeni naye ana mkono, shemeji."

"Basi nenda kwake ukale."

Karani akaona ameharibu. Akatafuta neno la kumpoza, na hapo ndipo alipoharibu zaidi. "Usijisumbue naye. Jina lake lipo kwetu masjalani. Kesi ya zamani. Ila usiniulize, maana jalada limefungwa kwa lakiri, ule muhuri wa nta."

"Kwa nini lifungwe?"

"Hakimu ndiye aliyeamuru. Mshtakiwa alikuwa bado mtoto."

"Shemeji, mimi ni mpishi. Sufuria ambayo mtu hataki kuifunua mbele ya wageni, ujue humo mmeungua."

Akamwandama. Leo sambusa, kesho vitumbua, keshokutwa machozi. Mwisho karani akachoka. Wenzake walipokwenda kunywa chai, akamwingiza masjalani na kuibandua lakiri kwa ncha ya kisu. "Nasimama mlangoni," alimwambia. "Ukisikia nakohoa, funga."

Mama akasoma. Mshtakiwa, msichana wa kazi za ndani, alidaiwa kutia sumu katika uji wa nyumba aliyokuwa akiitumikia, na watu wa nyumba ile walilazwa hospitali. Sumu! Jamani, sumu! Mama akahisi ule mwiba umelegea kooni.

Akafunua kurasa nyingine. Akamwona yule msichana amesimama mbele ya hakimu, akapewa nafasi ya kumuuliza maswali aliyemshtaki. Naye aliuliza swali moja tu: "Mama, mahindi ya unga ule aliyapeleka mashineni nani?" Mwenye nyumba akajikanyaga, kisha akakiri kwamba aliyapeleka yeye mwenyewe, na kwamba ndani yake alichanganya mabaki ya mbegu za kupandia, zile zinazopakwa dawa ya wadudu. Katika ukurasa wa mwisho hakimu alikuwa ameandika kwamba mshtakiwa hana hatia, aachiwe huru, na jalada lifungwe, asije akalibeba jambo hili ukubwani.

Mama alisoma yote. Nisikilizeni vizuri hapo: alisoma yote. Ila alipokuwa njiani kurudi nyumbani, alichagua cha kubeba na cha kuacha.

Jioni ile, bombani, aliitua ndoo yake akashusha pumzi. "Mimi sisemi kitu. Ila mjue tu kwamba yule mpishi wenu alishtakiwa mahakamani kwa kutia watu sumu kwenye chakula."

"We! Kweli?"

"Nimeona kwa macho yangu. Nikiongopa nife hapa hapa."

Na hakufa, ndugu zangu, kwa sababu hakuongopa. Kila neno alilolisema bombani lilikuwa kweli.

Upawa ukafuatwa kwa yule mgeni, safari hii bila vigelegele. Akautoa huku akiuliza, "Jamani, nimekosa nini?" Wakamwambia familia imebadili mpango. Akauliza tena. Wakaufunga upawa kwenye kanga, wakaondoka.

Kisha upawa ukaja kwa mama yetu. Alipika siku ile kama hajawahi kupika. Nyama ililainika, mchele ukachambuka, moshi wote ukamwingia machoni asijali. Wageni wakakaa na sahani mikononi, neno la sumu likiwa bado masikioni mwao. Ndipo bibi yake bibi harusi akajikongoja hadi jikoni, akachota kijiko cha pilau, akamnyooshea.

"Onja kwanza, mwanangu. Hapa, mbele ya watu."

"Mimi, bibi? Mimi niliyepika harusi ya mama yake huyu bibi harusi? Nani amenishtaki? Nimefanya nini?"

"Sijui," bibi akasema. "Hata yule mwingine hatukumuuliza."

Mama akaonja. Akameza. Na watu wote wakazishika sahani zao bila kula, wakimtazama kama ataanguka.

Sasa tugeuke tujitazame sisi. Mahakama ilimpa yule msichana haki ambazo mtaa ulimnyima. Alisomewa shtaka lake waziwazi. Alijua nani anamshtaki. Alipewa nafasi ya kujibu, na alipoonekana hana hatia, mlango wa jambo lile ukafungwa ili akue kama watoto wengine. Bombani alipewa nini? Hata kosa lake hakutajiwa.

Mtasema mwenye dhambi ni mama mwenye wivu. Ni kweli, wivu wake ndio ulioanza. Lakini pale bombani walikuwepo wengi, wengine wanatoka kwenye ibada kama hii, na hakuna hata mmoja aliyeuliza, "Na hakimu alisemaje?" Swali dogo kama hilo. Lingemlazimu mama aseme yote au anyamaze. Mbona hatuliulizi? Au na sisi huwa tunafurahi kidogo mwenzetu akipungua?

Wiki hii utaletewa jina la mtu. Uliza hukumu. Kama anayekuletea haijui, jina hilo liishie kwako.

Kwa maana sisi nasi tuna majalada yetu, ndugu zangu, na Mungu ndiye aliyeyafunga. Kwenye ukurasa wa mwisho wa yale ya kwetu hakuandika kwamba hatuna hatia. Aliandika kwamba tumesamehewa. Nani kati yetu angependa lakiri ile ibanduliwe?