Binti Aliyefelishwa kwa Kusaidia Kupita Kiasi

Ndugu yangu, kama kwenu kuna mzazi aliyezeeka, tulia kidogo usome kisa hiki. Ukimaliza, mtumie na mwenzako anayeuguza.

Palikuwa na mwanafunzi wa chuo kikuu aitwaye Sekela. Alikuwa akisomea shahada ya ustawi wa jamii, na mwaka wa mwisho alichagua kubobea katika elimu ya uzee, yaani namna ya kuishi na wazee na kuwahudumia.

Darasani hakuna aliyemfikia. Sheria zinazohusu wazee alizijua, ushauri nasaha aliumudu, na utafiti wake ulikwisha kukubaliwa. Lilibaki sharti moja tu: mafunzo kwa vitendo. Usipofaulu hayo, hata uwe na alama nzuri namna gani, joho huvai.

Akapelekwa kwenye makao ya wazee ya Lwangu, huko nyanda za juu kwenye baridi. Msimamizi wa makao hayo, Mama Sanga, akamkabidhi mzee mmoja amhudumie muhula mzima.

Huyo alikuwa Mzee Mgaya, aliyewahi kuwa fundi seremala. Kiharusi kilimwachia mkono wa kulia mzito na mguu wa kuburuta. Mke alikwisha kufariki, watoto hawakujaliwa. Alibaki na dada yake tu, Bi Vumilia, muuza viazi sokoni.

Bi Vumilia alikuwa amesema wazi. "Kaka yangu nampenda, lakini nashinda sokoni kutwa nzima. Akiweza kuvaa, kula na kwenda msalani mwenyewe, nakuja kumchukua."

Asubuhi ya kwanza Sekela alimkuta mzee akihangaika na vifungo vya shati.

"Shikamoo babu. Utapata baridi, lete nikufunge."

"Marahaba mjukuu wangu. Naweza. Ni taratibu tu."

"Najua unaweza, babu. Lakini mimi nimekuja kufanya nini hapa?"

Mzee akacheka, akaachia vifungo.

Tangu hapo Sekela akawa mikono yake. Alimvisha, alimlisha uji kwa kijiko, alimnywesha chai. Mzee alipotaka kwenda kuota jua, Sekela alimletea kiti cha magurudumu na kumsukuma, mkongojo aliokuwa akitembelea ukabaki nyuma ya mlango. Wazee wengine walitamani wangepewa wao. Mama Sanga akasema hajawahi kuona mwanafunzi mwenye moyo kama ule.

Siku ya kukaguliwa ikafika. Akaja mhadhiri wake, Dokta Kokusima, mama mpole mwenye maneno machache. Alisikiliza sifa zote, kisha akamgeukia mzee.

"Mzee wangu, hebu kunywa chai yako."

Mzee Mgaya akakitazama kikombe, halafu akamtazama Sekela. Mkono ukainuka kidogo, ukaanguka mapajani.

"Binti ndiye hunipa," akasema.

"Basi simama, twende mpaka mlangoni."

"Siwezi, mama. Nilikwisha kuacha kutembea."

Dokta akamuuliza Mama Sanga, "Binti huyu alipokuja, mzee alikuwa hivi?"

"Hapana, alikuwa anatembea na mkongojo. Tena alikuwa anakula mwe..." Mama Sanga akanyamaza katikati ya neno.

Dokta Kokusima akamchukua Sekela nje.

"Umefeli," akamwambia.

"Dokta! Nimekosea nini? Sijawahi kumfokea. Hajalala njaa hata siku moja!"

"Najua. Umempenda mpaka ukamlemaza. Karibu kila ulichomfanyia, alikuwa anaweza kukifanya. Ulikuwa huna subira ya kumngoja." Akaongeza, "Wewe utarudia mwaka, utaumia lakini yatapita. Ila nasikia dada yake alikuja juzi kumtazama, akaondoka analia. Hilo ndilo ukalifikirie."

Sekela alilia sana. Wenzake walivaa majoho, yeye akiangalia picha kwenye simu. Ulipofika wakati wa kurudia mafunzo, chuo kilimruhusu kwenda mahali pengine ambako hakuna anayemfahamu. Akakataa. Akarudi Lwangu, akaketi mbele ya Mzee Mgaya.

"Babu, nimekuja kukuomba msamaha. Nilikunyang'anya mikono yako, nikidhani nakusaidia."

Mzee akaitazama mikono yake.

"Na mimi nilikuachia," akajibu. "Ilikuwa raha, binti. Usijibebeshe kosa lote peke yako."

"Tuanze upya?"

"Tuanze. Lakini nitakutukana."

"Nitukane tu, babu."

Akamtukana kweli. Uji ulimwagika kifuani, mzee akatupa kijiko. Sekela akakiosha, akakirudisha mezani, akaketi. Alimtafutia kikombe chenye mishikio miwili. Akaomba fundi apigilie ubao wa kushikilia kwenye ukuta wa korido, na Mzee Mgaya akiwa kitini ndiye aliyemwelekeza fundi urefu wake, akimkosoa kila msumari. Mzee alipokaribia kuanguka, Sekela alimdaka. Asipoelekea kuanguka, hakumgusa.

Wazee wengine wakaanza kunong'ona. "Binti wa watu kaharibika. Mwaka jana alikuwa mchapakazi, sasa anakaa kama mgeni wa harusi."

Sekela alisikia, akaendelea kukaa.

Safari hii Dokta Kokusima alikuwa masomoni nje ya nchi. Akatumwa mwingine, Mwalimu Chaula, kijana mkali asiyependa mchezo kazini. Alifika asubuhi bila taarifa, akaingia moja kwa moja chumbani.

Akamkuta Mzee Mgaya amejikunja kitandani, anapambana na soksi, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Pembeni Sekela ameketi juu ya kigoda, mikono ameibana katikati ya magoti.

"Huu ndio utunzaji?" Mwalimu Chaula akafoka. "Mzee anateseka, wewe umekaa unamtazama? Sishangai kwamba unarudia!"

Sekela akazidi kuibana mikono. Aliliona joho likipotea kwa mara ya pili.

Mwalimu akainama aivute soksi.

"Acha soksi yangu!" Mzee Mgaya akanguruma.

"Mzee, nakusaidia."

"Nimekuomba? Na binti usimfokee. Yuko kazini."

"Kazi gani, mzee? Mbona hafanyi kitu?"

"Mwaka jana alinifanyia kila kitu, nikageuka gogo. Mwaka huu kazi yake ni kuningoja. Unaiona rahisi? Wewe umeingia sasa hivi tu, na tayari imekushinda."

Mwalimu Chaula akasimama wima. Akatafuta pa kukaa, akaketi ukingoni mwa kitanda cha pili. Yeye na Sekela wakamngoja mzee.

Soksi ikaingia. Viatu vikafuata. Mzee akachukua mkongojo, akashika ule ubao wa ukutani, akaenda zake kunywa chai na wenzake.

Mwalimu akamgeukia Sekela. "Nikuulize jambo moja. Ukikaa hapo, unajisikiaje?"

"Inaniuma, mwalimu. Kila siku mikono inataka kwenda yenyewe."

"Ungeniambia haikuumi, ningekufelisha," akasema. "Umefaulu. Na uniwie radhi."

Bi Vumilia alimchukua kaka yake kabla muhula haujaisha. Sekela alivaa joho mwaka huo, na baada ya mahafali alikwenda kuwasalimu.

Alipobisha hodi, Bi Vumilia alikurupuka jikoni kumtafutia mgeni kiti.

"Rudi kwenye sufuria yako," Mzee Mgaya akamwambia. "Mgeni huyu ni wangu."

Akaingia ndani, akachelewa kweli kweli. Akatoka anaburuta kiti kwa mkono wa kushoto, akakifuta vumbi kwa kiganja.

"Karibu uketi, mjukuu wangu."

Sekela akaketi.

Funzo: Kumpenda mtu si kumfanyia kila kitu. Msaidie asichoweza, mwachie anachoweza, na uwe na subira ya kumngoja amalize.