Cheni Isiyokuwepo Duniani

Lugendo alikuwa na duka kubwa la spea, na roho ndogo kuliko nati. Kila mwenye pikipiki kuukuu aliyemwendea kutafuta cheni na sproketi alijibiwa, "Hazitengenezwi tena. Niuzie huo mkweche kama chuma chakavu." Watu wakauza.

Ikafika zamu ya Mwasiti, mjane aliyesambaza maziwa kwa pikipiki ya marehemu mumewe.

"Cheni yake haipo duniani, mama," alisema Lugendo.

"Basi njoo uichukue pikipiki kesho. Ila kwetu chombo cha marehemu hakitoki uani kwa kukokotwa. Kikitembea chenyewe, ndipo nipokee hela."

Lugendo alicheka moyoni: wajinga ndio waliwao. Kesho yake alikuja na cheni na sproketi mpya alizozificha stoo, akazifunga mwenyewe huku kitambi kikimhemesha. Pikipiki ikanguruma.

"Siuzi tena," alisema Mwasiti.

"Basi nirudishie cheni yangu."

"Cheni ipi, bwana? Si ulisema haipo duniani? Au waeleze hawa."

Lugendo aligeuka. Mlangoni pa ua walisimama wote waliomuuzia pikipiki zao kama chuma chakavu, walioitwa na Mwasiti, wakisubiri jibu.

Aliokota spana zake, akaenda zake.